Kijiko cha Sita
(Sehemu ya Kwanza)

Muuguzi alihesabu vijiko.

Hakuna aliyemtuma avihesabu. Karatasi aliyoishika ilimtaka aulize mambo mengine kabisa: vyumba vingapi, madirisha mangapi, nani analala na nani, mnakula nini. Lakini macho hayana karatasi. Yalipanda hadi kwenye rafu juu ya meko ya makaa, yakatua kwenye kopo la bati, na ndani ya kopo kulikuwa na vijiko.

Sita.

"Mko wangapi humu ndani, mama?"

"Watano," Mama akajibu. Akajibu haraka mno.

Najua, msomaji wangu, umeshaanza kupiga hesabu. Tulia kwanza. Kabla hujamhukumu Mama, acha nikutembeze nyumbani kwake, maana bila kukiona chumba hiki hutaelewa kwa nini mwanamke mcha Mungu alisema uongo mchana kweupe mbele ya mtu aliyekuja kumsaidia.

Tuko Edinburgh, Scotland, Novemba 1908. Mfalme ni Edward VII. Meli za Uingereza zinatia nanga Mombasa, Bombay na kila bandari yenye faida. Na katikati ya mji huu wenye chuo kikuu, kasri na benki za mawe, kuna mtaa unaitwa Cowgate.

Cowgate uko chini. Madaraja mawili makubwa, South Bridge na George IV Bridge, yamepita juu yake. Wenye nafasi zao wanavuka huko juu na kofia zao na magari yao ya farasi, na mtu anaweza kuishi Edinburgh hadi uzee bila kukanyaga huko chini hata siku moja. Jua la Novemba, ambalo hata juu ya daraja ni la kuombea, huku chini halifiki.

Familia hii sitaipa jina, kwa sababu nimeibuni mwenyewe. Ila mtaa, ugonjwa, zahanati na miaka nitakayokutajia ni vya kweli, na chumba kama hiki kilikuwepo mlango baada ya mlango.

Twende juu, basi. Shika ukuta, ngazi ni za mawe, zinazunguka, na taa hakuna. Bomba la maji ni moja, lipo hapa ngazini, la milango yote. Choo nacho ni cha milango yote. Sasa bisha hodi.

Chumba ni kimoja tu. Humo ndimo wanapika, wanalala, wanakausha nguo, wanazaliwa na wanafia.

Dirisha ni moja, na limezibwa. Mama amepachika matambara na karatasi za gazeti kwenye kila upenyo, akabana kwa kisu hadi upepo ukakosa njia. Kwa nini? Kwa sababu makaa yananunuliwa. Baba analeta shilingi chache kwa wiki, wiki ikiwa nzuri, na humo mna kodi, mkate, chai, viazi na makaa. Nani anunue joto kisha alitoe dirishani?

Na muuguzi amekuja kusema nini? Fungueni dirisha.

Hapo ndipo moyo unaniuma kila ninaposoma habari za zama zile. Muuguzi alikuwa sahihi. Mama naye alikuwa sahihi. Na kati ya watu hao wawili wenye haki, kuna kitu kilikuwa kinaua.

Unakijua kitu hicho. Kifua kikuu.

Miaka ile, kwa Uingereza na Wales peke yake, kiliondoka na watu zaidi ya 50,000 kila mwaka. Hakikuchagua wazee. Kilipenda vijana: mfanyakazi mwenye nguvu zake, mama mwenye mtoto mgongoni. Na wengi bado waliamini kwamba kinarithiwa, kwamba kuna koo zilizoandikiwa kukohoa, na msichana wa ukoo huo ajue kabisa hataolewa.

Lakini ukweli ulikuwa umeshajulikana! Tarehe 24 Machi 1882, huko Berlin, Robert Koch aliwaonyesha wenzake bakteria wenyewe. Ndiyo, Koch huyohuyo aliyekuja kufanya utafiti Dar es Salaam mwaka 1897, na ambaye mwaka 1906 alipiga kambi visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, kuusaka ugonjwa wa malale. Kifua kikuu kina mdudu. Mdudu hutoka kwa mtu, akaingia kwa mtu mwingine. Kwa hiyo ukimwona mgonjwa mmoja, kuna swali lazima uulize.

Nani alimpa?

Swali hilo ndilo lililomleta muuguzi kwenye chumba chetu. Na sasa turudi, maana nimemwacha amesimama pale anaangalia vijiko.

"Watano," Mama alirudia. "Mimi, baba yao, mama mkwe wangu huyu hapa, na watoto wawili."

Bibi aliinamisha kichwa, ameketi karibu na moto. Kijana wa miaka tisa alikuwa sakafuni. Mdogo wake wa kike, miaka mitano, alikuwa na uvimbe shingoni, chini ya sikio, mkubwa kama yai la njiwa.

"Na kijiko cha sita?"

"Cha binti yetu mkubwa. Yuko kazini, nyumba ya watu, kule New Town. Analala hukohuko."

Jibu zuri. Wasichana wengi wa Cowgate walikwenda kutumika kwenye majumba ya New Town, kufagia meko na kubeba maji ya moto ya kuogea mabwana. Muuguzi akaandika.

Kisha akaangalia tena.

Vijiko vitano vilikuwa vikavu. Cha sita kilikuwa kimelowa.

Hakusema kitu. Wauguzi wazuri wanajua kunyamaza. Akaendelea na karatasi yake, sauti yake ileile.

"Mnalala vipi, mama?"

"Mimi na baba pale chini. Bibi na watoto hapa karibu na moto, kwenye godoro."

"Na kile kitanda?"

Sasa sikiliza vizuri. Vyumba vya namna hii vilikuwa na kitanda kilichojengwa ndani ya ukuta, kama kabati, na mbele yake pazia. Ndicho kitanda pekee cha nyumba. Pazia lilikuwa limefungwa.

"Nguo za watu," Mama akasema. "Mimi ni dobi. Nazilundika humo."

Bibi kizee mwenye mifupa inayouma analala sakafuni, na kitanda kinalazwa nguo za watu? Wewe ungeliamini hilo?

Muuguzi akapiga hatua moja kuelekea kwenye pazia.

Na hapo, nyuma ya pazia, kitu kikakwaruza. Sauti ndogo, ya mtu anayekibana kifua chake kwa nguvu zote.

Papo hapo Bibi akaanza kukohoa.

Alikohoa, jamani! Akashika kifua, akainama, akapiga goti lake kwa kiganja, watoto wakamkimbilia, Mama akamletea maji. Dakika nzima chumba kilijaa kikohozi cha Bibi. Kilipokwisha, kukawa kimya kila upande.

"Pole, bibi," muuguzi akasema. Akaandika neno moja kwenye karatasi yake, akalipigia mstari. "Jumamosi nawataka nyote Lauriston Place. Wote watano. Bibi, wewe hasa."

Alipofika mlangoni aligeuka mara ya mwisho. Kwenye ukingo wa dirisha, sehemu ya baridi kuliko zote, kulikuwa na jagi la maziwa. Kubwa. Lingetosha nyumba yenye pesa mara mbili ya hii.

Lishike jagi hilo akilini. Tutakuja kulihitaji.

*

Kwa nini Lauriston Place? Na kwa nini wote watano, wakati mgonjwa aliyejulikana ni Baba peke yake?

Hapa lazima nikutambulishe kwa daktari mmoja wa kweli: Robert Philip. Akiwa kijana alikwenda kusoma Vienna, na mwaka uleule wa 1882 akawaona bakteria wa Koch kwa macho yake kwenye hadubini. Akarudi Edinburgh na wazo lililomtesa. Mwaka 1887 alifungua zahanati katika vyumba vidogo Bank Street, kwa ajili ya maskini wenye kifua kikuu. Miaka michache baadaye ikahamia Lauriston Place.

Wazo lake halikuwa dawa. Dawa haikuwepo. Wazo lilikuwa hili: usimsubiri mgonjwa aje, mfuate kwake. Mtume muuguzi aone kitanda, aone dirisha, aone wanaolala naye. Kisha waite wote wapimwe, mkubwa na mdogo, anayeumwa na anayejiona mzima.

Leo tunaona ni jambo la kawaida. Wakati ule mgonjwa maskini alipewa chupa ya dawa ya kikohozi, akarudi chumbani kwake kuwakoholea wanawe. Philip aliona kwamba kumtibu mtu mmoja na kukiacha chumba chake ni kujidanganya, na mimi naona hakuna daktari wa zama zile aliyeelewa umaskini kuliko yeye.

Baba ndiye aliyeanza kwenda. Alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji, na Edinburgh ilikuwa mji wa vitabu na magazeti. Siku nzima anainamia herufi za risasi ndani ya chumba cha joto, hewa ileile wanaivuta wanaume wote. Wapanga herufi walijulikana kwa vifua vibovu. Alipokohoa wiki sita mfululizo, rafiki yake kazini alimvuta pembeni: nenda Lauriston Place, lakini usimwambie msimamizi.

Usimwambie msimamizi! Kwa sababu msimamizi akijua, kazi imekwisha. Mwenye nyumba akijua, chumba kimekwisha. Majirani wakijua, watoto wako hawatapata wa kucheza nao. Na mwisho wa safari hiyo ni nyumba ya maskini, wanapotenganishwa mume upande huu na mke upande ule. Mama aliiogopa nyumba hiyo kuliko kaburi.

Umeanza kumwelewa?

*

Jumamosi walikwenda. Mama aliwavalisha nguo za kanisani, ambazo alizikomboa rehani asubuhi hiyohiyo na Jumatatu zingerudi kulekule.

Walipimwa mmoja mmoja. Daktari wa zamu aligonga migongo kwa vidole, akasikiliza. Wakubwa walipewa vichupa vya makohozi. Watoto walikwaruzwa mkononi kwa kipimo kipya kabisa: mwaka uliotangulia tu, 1907, Clemens von Pirquet wa Vienna alikuwa ameonyesha kwamba ukiikwaruza ngozi na kutia tone la tuberkulini, mkono wa mtoto aliyekwisha kuingiwa na bakteria utavimba na kuwa mwekundu ndani ya siku mbili hivi.

Siku mbili zikapita.

Nataka uingie nami kwenye chumba cha nyuma cha zahanati, uone kinachofanyika. Makohozi yamepakwa kwenye kioo chembamba. Yanamwagiwa rangi nyekundu na kupashwa moto kwa chini mpaka mvuke utoke. Kisha yanaoshwa kwa asidi. Asidi hiyo huivua rangi nyekundu kwa kila kitu, isipokuwa kwa bakteria mmoja mkaidi mwenye koti la nta. Halafu inamwagwa rangi ya buluu. Ukitazama kwenye hadubini unaona uwanja wa buluu, na kama adui yupo, unaona vijiti vyekundu, vyembamba, vimelala viwiliviwili.

Kioo cha kwanza, cha Baba. Daktari alizungusha hadubini polepole. Buluu. Buluu tupu. Akatafuta tena, akarudia tangu mwanzo.

Hakuna.

Baba alikuwa na kifua kilichochoshwa na hewa ya kiwandani, lakini hakuwa akitema kifua kikuu.

Kioo cha pili, cha Mama. Hakuna.

Kioo cha tatu. Muuguzi alisogea karibu, maana hicho ndicho alichokingoja. Bibi! Bibi aliyekohoa dakika nzima, ambaye jina lake lilikuwa limepigiwa mstari. Daktari alitazama muda mrefu kuliko vyote viwili.

"Safi," akasema.

"Haiwezekani."

"Tazama mwenyewe."

Akatazama. Buluu.

Na mikono ya watoto? Yote miwili ilikuwa imevimba, myekundu, bila shaka yoyote. Bakteria wameshaingia kwa kijana wa miaka tisa na kwa mdogo wake mwenye uvimbe shingoni. Lakini katika watu wazima watatu wanaolala nao chumba kimoja, hakuna hata mmoja aliyeonekana anawatema.

Basi wamewatoa wapi?

Daktari alivua miwani, akaifuta. "Ama ni maziwa," akasema, "ama kuna mtu hukumwona."

Maziwa! Unashangaa? Mwaka 1901, kwenye mkutano mkubwa London, Koch mwenyewe alisimama akasema kifua kikuu cha ng'ombe si hatari ya kumhangaisha binadamu. Ukumbi ulishtuka. Waingereza wakaunda tume ya kifalme ipime neno hilo, na kufikia mwaka 1907 tume ilikuwa imesema wazi kwamba hapana, bwana mkubwa amekosea: mtoto anaweza kuupata kutoka kwenye maziwa ya ng'ombe mgonjwa. Na mara nyingi dalili yake ni uvimbe wa tezi za shingo.

Uvimbe wa shingo. Jagi kubwa la maziwa. Ng'ombe wa kukamuliwa walifugwa kwenye mabanda ya giza humohumo mijini, na kuchemsha maziwa kunataka makaa, na makaa unajua bei yake.

Kwa hiyo kesi imekwisha? Ni maziwa?

Muuguzi alikuwa ameshaanza kuvaa koti lake. Alikuwa anawaza juu ya Bibi. Mwanamke mzee ambaye kifua chake ni safi, kwa nini akohoe vile? Kwa nini aanze sekunde ileile?

Mtu hukohoa kwa nguvu hivyo kwa sababu mbili. Moja ni kwamba anaumwa.

Nyingine ni kwamba hataki kikohozi cha mtu mwingine kisikike.

*

Alikwenda usiku, bila taarifa. Aliteremka Candlemaker Row, mvua nyembamba inamgonga usoni, akaingia Cowgate. Ngazi za mawe zilikuwa zimelowa. Alipanda kwa kupapasa ukuta.

Mlangoni alisimama akasikiliza.

Ndani, mtu alikuwa anakohoa. Hakikuwa kikohozi cha Bibi, wala cha Baba. Kilikuwa kikohozi cha kijana, kirefu, kinachotoka chini kabisa, na kila kilipokatika alisikia mtu anahema kutafuta pumzi.

Akabisha. Kikohozi kikakatwa ghafla, kimezibwa na kitambaa.

Mama alifungua mlango upana wa kiganja. Alipomwona muuguzi, rangi ilimtoka.

"Nesi, watoto wamelala."

"Sikuja kwa ajili ya watoto."

"Kesho, nakuomba."

"Mama." Muuguzi aliweka mkono juu ya mkono wa Mama uliokuwa umeshika mlango. Mkono wa dobi, umepasuka kwa magadi. "Sikuja kumchukua mtu. Na sitamwambia mwenye nyumba. Lakini watoto wako wawili wanavuta hewa yake kila usiku, na dirisha umeliziba kwa mikono yako mwenyewe. Niache niingie."

Mama hakujibu. Machozi yalimtiririka bila sauti. Nyuma yake Baba alikuwa amesimama, kichwa chini. Bibi, akiwa amekaa kwenye godoro, alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyechoka kubeba.

Mlango ukafunguka.

Chumba kilikuwa na joto zito, harufu ya nguo mbichi na makaa. Muuguzi alivuka godoro la watoto kwa uangalifu. Alifika kwenye kitanda cha ukutani. Akashika pazia.

"Subiri," Mama alisema nyuma yake, sauti imekauka. "Kuna jambo Baba yake mwenyewe hakutaka hata majirani walijue. Si kuumwa tu, nesi. Si kuumwa tu."

Muuguzi alivuta pazia.

Binti mkubwa alikuwa hapo, yule wa New Town. Miaka kumi na saba, mashavu mekundu kwa homa, macho makubwa, kitambaa mdomoni chenye madoa mawili ya damu. Hilo muuguzi alilitarajia.

Hakutarajia kilichokuwa chini ya blanketi, upande wa ukutani. Kitu kilijisogeza. Kikatoa mkono mdogo sana, kikafungua kinywa, kikalia.

Kitandani walikuwa wawili.

Sasa lile jagi umelielewa? Binti hana nguvu ya kunyonyesha. Kichanga kimelala sentimita chache kutoka kwenye pumzi inayoweza kukiua, na ukikiondoa hapo, chakula chake ni maziwa ya banda la giza, ambayo nayo yanaweza kukiua.

Na ni mwaka 1908. Chanjo ya BCG haitachanjwa mtoto yeyote hadi 1921. Streptomycin haitagunduliwa hadi 1943. Muuguzi ana mikono yake, dirisha lililozibwa, na usiku huu mmoja kabla mwenye nyumba hajaja asubuhi kuchukua kodi.

Atamtoa nani kitandani: mama, au mtoto? Na kwa nini binti, alipoulizwa jina la nyumba aliyokuwa anatumika New Town, alikataa katakata kulitaja?

Tukutane Jumamosi ijayo kwenye Sehemu ya Pili. Na wewe unayesoma huku umekohoa zaidi ya wiki mbili, usingoje Jumamosi: dawa sasa ipo, kipimo kipo, nenda kapime kesho asubuhi, na uwapeleke wote unaolala nao chumba kimoja.